Mpiga dramu anaweza kuandikia filamu muziki? Jibu kwa kijana wa bendi, kupitia kazi za Stewart Copeland

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, napiga dramu kwenye bendi ya muziki wa dansi Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tisa. Rafiki yangu anatayarisha tamthilia ya vipindi 13 na ameniomba nimtengenezee muziki wote. Nina kompyuta, kinanda kidogo na maikrofoni mbili. Mpiga kinanda wetu amenicheka. Anasema mpiga dramu hajui kodi, yaani sauti kadhaa za kinanda zinazopigwa kwa pamoja, kwa hiyo hawezi kutunga muziki wa picha. Nilipomtajia Stewart Copeland, mpiga dramu wa bendi ya roki ya The Police, akanijibu kwamba yule alipewa kazi kwa sababu ya jina, na kwamba wapiga dramu wengine wa roki walioingia kwenye filamu walikwenda kuigiza tu. Nani mkweli? Niache bendi ili nipate muda? Nauliza pia kwa sababu siku hizi nikishuka jukwaani masikio hulia mpaka asubuhi, na nafikiri huenda ni ishara kwamba nibadilishe kazi."

Marahaba, kijana wangu. Nikikusoma vizuri, linalokusumbua si Copeland. Umepewa kazi ambayo huna hakika kama unaiweza, na mtu unayemheshimu kwenye bendi amekuambia huiwezi. Nitakujibu kwa kupitia kazi za Copeland zenyewe, maana mfano ulioushika ni mzuri kuliko unavyodhani, na ndani yake yamo pia mambo ya kukuonya. La masikio umeliweka mwisho kana kwamba ni dogo. Si dogo, tutalifikia.

Kuhusu kuigiza, mwenzako hakukosea kabisa. Ringo Starr wa The Beatles alionekana kwenye filamu ya kwanza ya bendi yao mwaka 1964, akawa mhusika mkuu wa Caveman mwaka 1981, na kuanzia 1984 sauti yake ndiyo iliyosimulia kipindi cha watoto cha garimoshi Thomas kwenye televisheni ya Uingereza. Phil Collins wa Genesis aliigiza kabla hajajulikana kwa dramu: mwaka 1964, akiwa na miaka 13, alikuwa jukwaani London katika mchezo wa kuigiza wa nyimbo uitwao Oliver!, na mwaka 1988 akawa nyota wa filamu ya Buster. Lakini Collins huyohuyo alipata Oscar kwa wimbo aliouandikia filamu ya katuni ya Tarzan ya mwaka 1999. Kwa hiyo njia hazikuwa moja hata kwa hao. Ya Copeland ni nyingine tena: alikaa nyuma ya picha, akaandika muziki ambao watazamaji wengi hata hawajui kwamba wanausikia.

Copeland alizaliwa Marekani mwaka 1952, akakulia Cairo na Beirut kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Dramu alianza kujifunza akiwa bado mtoto, huku midundo ya Kiarabu ikimzunguka, na wengi wetu tunaofundisha tunaisikia hiyo kwenye mikono yake: mkazo hauangukii pale ambapo mpiga roki wa kawaida angeuweka. The Police ilianza London mwaka 1977. Sasa sikiliza jambo ambalo pengine mpiga kinanda wenu halijui. Mwaka 1978, kabla The Police haijawa kubwa, Copeland alitoa nyimbo kwa jina la bandia, Klark Kent, akapiga vyombo vyote mwenyewe na kuimba mwenyewe. Alikuwa pia akiitungia bendi nyimbo. Kwa hiyo ile sura ya mpiga dramu asiyejua kitu zaidi ya vijiti, aliyeokotwa na kutupwa kwenye filamu, haikuwahi kuwepo. Swali ambalo mwenzako angekuuliza badala ya kukucheka ni hili: ukiacha dramu, unashika nini? Una kinanda kidogo. Unakigusa mara ngapi?

Filamu iliyomfungulia njia ni Rumble Fish ya Francis Ford Coppola, iliyotoka mwaka 1983, mwaka uleule wa albamu ya mwisho ya The Police. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Tulsa, Oklahoma, na moyo wake ni muda unaokwisha. Saa zimejaa kwenye picha, na mawingu yanakimbia kuliko kawaida. Coppola alitaka muziki uliojengwa juu ya midundo, akaanza kuujaribu mwenyewe, kisha akamwita Copeland amsaidie upande huo wa midundo. Alipomsikia, akamwachia kazi nzima. Copeland akachukua sauti za mitaa ya Tulsa akazichanganya na ngoma zake. Akatumia pia mtambo uitwao Musync, uliobuniwa na Robert Randles, ambao ulimwezesha kubadili mwendo wa muziki mpaka ulingane na matendo ya kwenye picha. Kazi hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe.

Je, jina lilimsaidia? Lilimsaidia, tena sana. Mwongozaji mkubwa hampigii simu mpiga dramu asiyejulikana wa bendi ya mtaani. Hilo tulikubali bila kuzunguka. Lakini jina hukupa filamu ya kwanza, na baada ya hapo waongozaji huulizana wao kwa wao kama ulileta kazi kwa wakati na kama unasikiliza unapoambiwa badilisha. Kuanzia 1985 Copeland aliandikia muziki The Equalizer, tamthilia ya upelelezi ya kituo cha CBS iliyodumu hadi 1989. Kwenye tamthilia kipindi kinafuata kipindi, na kituo cha televisheni hakikusubiri mpaka upate hisia. Mwongozaji Oliver Stone alimpa filamu ya Wall Street mwaka 1987 na Talk Radio mwaka uliofuata. Ken Loach, Mwingereza anayetengeneza filamu za watu wa kipato cha chini na kwa bajeti ndogo, alimtumia katika Hidden Agenda, Riff-Raff na Raining Stones. Mtu kama Loach hahitaji jina la nyota wa roki kuuza filamu ya mafundi ujenzi wa London. Alimrudia Copeland kwa sababu muziki ulifanya kazi.

Kama bado mwenzako anashikilia habari ya jina, mtajie Cliff Martinez. Alipiga dramu kwenye albamu mbili za mwanzo za Red Hot Chili Peppers, wakati ambapo bendi hiyo ilikuwa haijafika popote. Akaandikia muziki kipindi kimoja cha Pee-wee's Playhouse, kipindi cha televisheni cha watoto. Kisha Steven Soderbergh, kijana ambaye naye alikuwa hajulikani, akampa filamu yake ya kwanza ndefu, iliyotoka mwaka 1989. Wawili hao wakaendelea pamoja hadi Traffic na Solaris, na mwaka 2011 Martinez akaandika muziki wa Drive, ambao vijana wanaotengeneza muziki kwa sinthesaiza, vinanda vya umeme, wanausikiliza mpaka leo. Hali ya Martinez inafanana na yako kuliko ya Copeland: rafiki anayeanza, kazi ndogo ya televisheni, na wote wawili wanajifunza.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo dhana nyingi zimepotoka, na yako ikiwemo. Inaelekea unadhani kwamba kwa kuwa unajua kushika mwendo, picha itakaa juu ya mwendo wako. Ni kinyume chake. Bendini wewe ndiye saa, na wote wanakufuata. Kwenye filamu saa ni mhariri, naye hakati picha kwa kufuata mdundo. Anakata pale jicho la mwigizaji linapogeuka. Kipaji chako cha muda ni mali kubwa, lakini lazima ujifunze kuukunja muda huo bila mtu kusikia umekunjwa.

Chukua mfano. Muziki unaanza, na sekunde 14.2 baadaye mlango unafungwa na baba anaondoka nyumbani. Unataka pigo liangukie pale pale. Ukiweka mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Moja litaangukia sekunde ya 14, linalofuata 14.5, na mlango utafungwa katikati yao pasipo kitu. Shusha mwendo uwe 118.3. Pigo lile la sekunde ya 14 litasogea hadi 14.2, na hakuna msikilizaji atakayegundua kwamba umeshuka. Ndiyo kazi ambayo Copeland aliifanya kwa Musync mwaka 1983. Leo programu ya kawaida ya kurekodi unayoitumia inaifanya kwa dakika moja, mradi umepokea picha iliyokwisha kukatwa. Muulize mhariri picha inakwenda kwa fremu ngapi, yaani picha tuli ngapi, kwa sekunde. Filamu za sinema hutumia 24, na televisheni za kwetu 25. Mkitofautiana hapo, muziki wako utaanza vizuri na kufikia dakika ya kumi utakuwa umeachana na picha.

Wala usipige kila mlango. Mpiga dramu anayeingia kwenye filamu hutamani kuweka alama kwenye kila tukio, kwa sababu mkono umezoea kujibu. Muziki ukijibu kila kitu mtazamaji hachelewi kuchoka. Kaa na rafiki yako, mtazame kipindi kizima kimya, na kila mahali muulizane: hapa mtazamaji ahisi nini ambacho picha haijasema? Kama picha imeshasema, acha.

Kuna jambo jingine la vyombo vyako mwenyewe. Herufi zinazotofautisha maneno, kama s, sh, f na t, zinakaa kwenye sauti za juu, na huko huko ndiko yanakokaa matoazi na haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Ukizipiga chini ya mazungumzo, mtazamaji atasikia kwamba mtu anaongea lakini hatashika maneno, na lawama ataitupia tamthilia nzima. Copeland anasifika duniani kwa haihati yake, lakini kwenye filamu haihati ile hukaa pembeni pindi watu wanapoongea. Chini ya mazungumzo tumia ngoma nzito zilizolegezwa, tumba, marimba, sauti ndefu za kinanda. Matoazi yaweke pale watu wanaponyamaza.

Kuhusu kodi, mwenzako ana hoja, ila ameifanya ukuta. Muziki wa midundo mitupu unaweza kubeba filamu nzima: Antonio Sánchez, mpiga dramu wa jazi kutoka Mexico, alibeba Birdman ya mwaka 2014 karibu kwa seti yake peke yake. Lakini ile ni filamu moja, ya mtu mmoja anayepoteza akili kwenye jumba la maonyesho, na saa mbili za dramu zinamfaa. Tamthilia yenye vipindi 13, yenye msiba, mapenzi, mama na mwanawe, haitavumilia hivyo. Kufikia kipindi cha nne utakuwa umeishiwa. Copeland mwenyewe hakubaki kwenye midundo. Kwa takriban miaka 20 ya kuandikia picha alijifunza okestra akiwa kazini, akaandika pia ballet na opera. Mwaka 2014 aliandika muziki wa okestra kwa filamu bubu ya Ben-Hur ya mwaka 1925, huku yeye mwenyewe akipiga ngoma mbele ya wanamuziki. Mtu hafiki huko kwa kudharau kodi.

Una njia mbili hapo. Unaweza kujifunza kodi chache tu kwa kina: mejaa, zenye sauti ya furaha, na maina, zenye sauti ya huzuni, kwenye funguo unazozipenda, na namna ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine huku kidole kimoja kimebaki palepale. Hizo zinabeba tamthilia nyingi kuliko unavyodhani. Njia ya pili ni kushirikiana na mtu anayejua, na kama mpiga kinanda wenu ataacha kucheka, huenda ndiye. Mimi ningechagua zote mbili kwa pamoja, na ningeanza na mwalimu ana kwa ana. Video za mtandaoni zitakupa habari, lakini hazitaona kwamba mkono wako wa kushoto umekauka wala hazitasikia kwamba unapenda kodi ileile kila mara. Chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Zanzibar vina walimu wa kukaa nao. Hata mwalimu wa kwaya mwenye subira atakufaa kwa kuanzia.

Nilisema mfano wako una onyo ndani yake. Mwaka 1985 Copeland alitoa filamu na albamu iitwayo The Rhythmatist, aliyoipiga Afrika, Kenya ikiwemo. Humo yumo kwenye tundu la chuma akipiga dramu na simba wakimzunguka. Yupo kama msafiri aliyekuja kutafuta chimbuko la mdundo, na Afrika imewekwa kama pazia la nyuma. Sipendi namna ile ya kututazama, na nakuambia waziwazi. Lakini kinachoifanya albamu hiyo iwe hai ni Ray Lema, mwanamuziki wa Kongo, ambaye sauti na fikra zake ziko kila mahali. Ukisikiliza, jiulize mdundo ni wa nani, na jina la nani liko mbele ya jalada. Kisha linganisha na The Leopard Son ya mwaka 1996, filamu ya chui ya Hugo van Lawick iliyopigwa Serengeti, ambayo muziki wake pia ni wa Copeland. Kule hakuna tundu wala msafiri. Mtunzi amejificha, chui ndiye mwenye picha, na kwa sikio langu ni kazi ya mtu aliyekwisha kukua.

Onyo la pili: muziki wa picha si wako kama wimbo ulivyo wako. Mwaka 1993 Copeland aliandikia muziki filamu ya kufungulia tamthilia ya Babylon 5. Ilipokatwa upya miaka michache baadaye, muziki wake ukatolewa na kuwekwa wa Christopher Franke, ambaye naye, kwa taarifa ya mwenzako, alianza muziki kama mpiga dramu. Hakuna aliyemwonea Copeland, ndivyo kazi ilivyo. Ila maana yake kwako ni kwamba mambo yaandikwe mapema: nani anamiliki rekodi, utalipwa nini kipindi kikirudiwa au kikiuzwa kituo kingine, na kama wanaweza kuutumia muziki wako kwenye tangazo la sabuni bila kukuuliza. Urafiki usikuzuie kuandika, maana mnayoyaandika ndiyo yatakayoulinda urafiki wenyewe. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kuhusu kusajili kazi zako, na kabla ya kusaini mkataba wa vipindi vyote 13, mpe wakili ausome. Hilo si jambo la kuniuliza mimi wala la kumaliza kwa simu.

Bendi usiiache. Copeland hakuiacha The Police ili akafanye Rumble Fish. Vilikwenda sambamba, na bendi ilisimama baadaye kwa sababu zake yenyewe. Mwaka 1986 walipojaribu kurudi studio alikuwa amevunjika mtulinga kwa kuanguka kutoka kwenye farasi, hawezi kupiga, na tayari alikuwa na kazi ya pili ambayo haikuhitaji bega zima. Miaka ya 2007 na 2008 alizunguka dunia tena na bendi ileile. Zaidi ya hapo, bendi ndiyo inayokulisha, na ndiyo inayokupa watu wa kurekodi: mpiga tarumbeta, mpiga solo, waimbaji wenu. Mwambie rafiki yako utafanya kipindi cha kwanza peke yake, kwa malipo mliyokubaliana, kisha mtazame pamoja. Kikikaa vizuri, omba vinne. Usibebe 13 kwa mkupuo.

Sasa masikio. Kulia kwa masikio baada ya onyesho si ishara ya kubadilisha kazi. Ni ishara kwamba seli ndogo za ndani ya sikio zimechoshwa na kelele, na zikifa hazioti tena. Kipimo ambacho wataalamu wa afya kazini hukitumia ni desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama unapungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo jukwaa la bendi hufika bila shida, una dakika 15. Kuhamia kwenye filamu peke yake hakutakuponya, kwa sababu utakaa na hedifoni usiku kucha na utazidi kupandisha sauti ili usikie kile ambacho tayari umeanza kukipoteza. Pia utaanza kuchanganya muziki wenye sauti za juu kupita kiasi bila kujua kwa nini mhariri analalamika. Vaa vizibo vya masikio vya wanamuziki kuanzia onyesho lijalo. Kama kelele inabaki mpaka asubuhi, kama ulivyoandika, nenda hospitali umwone daktari wa masikio, pua na koo, uombe upimwe usikivu. Na kama sikio moja litaziba ghafla au kizunguzungu kikakupata, usisubiri, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu kuna matatizo ya sikio ambayo hutibika siku za mwanzo tu. Kipimo hicho kifanye wiki hii, kabla hujasaini chochote.